Injini Ndogo, Mlima Mrefu na Somo Nililolifundisha Nusu

Idi kubwa ya mwaka ule iliangukia mwezi wa Juni, na Muscat ilikuwa ikichemka. Asiyepata kuishi katika mji ule hawezi kulijua joto la Juni: ukuta wa nyumba huingia usiku ukiwa bado umeshika moto wa mchana, na bomba la maji ya baridi hutoa maji ya uvuguvugu. Kwa hiyo, baada ya kuchinja na kugawa nyama, na baada ya kuwazuru wakubwa wa ukoo, kaka yangu alishauri tufanye kama zifanyavyo familia nyingi za huko: tupande Jabal Akhdar tukapumue kwa siku mbili.

Wasomaji wengi wa mwambao wana jamaa Oman, na baadhi yao wamekwisha kuupanda mlima huo. Kwa asiyeufika, Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, ni sehemu ya safu ya milima ya Hajar. Uwanda wake wa Saiq uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Barabara inaanzia Birkat al-Mouz, na askari wa kizuizini hawaruhusu kupanda gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne, maana mteremko wa kurudi ni mkali na breki zikichoka hakuna pa kujishikilia. Juu kuna mashamba ya ngazi, mikomamanga, na miwaridi ambayo maua yake huchumwa kabla ya kiangazi na kutolewa marashi. Mtu anatoka penye nyuzi 40 za joto anafika penye nyuzi 26, akaona kama aliyefunguliwa mlango wa nchi nyingine.

Miongoni mwa mizigo yetu kulikuwa na sanduku la mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 14. Ndani yake lilikuwamo gari la kuchezea la kuongozwa kwa rimoti. Lakini neno “kuchezea” lisimdanganye msomaji. Gari lile halikuwa la betri. Lilikuwa na injini ya kweli ya kuchoma mafuta, yenye ujazo wa sentimita 3.5 tu, yaani isiyofika hata kijiko kimoja cha chai, na ambayo ikikolea huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Alilinunua kwa mkono wa pili kutoka kwa kijana wa jirani aliyekuwa akienda masomoni, na fedha yake ilikuwa ni mkono wa Idi wa miaka miwili aliouweka bila ya kuugusa. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue nilichokiharibu.

Alasiri ya Saiq

Siku ya kwanza, baada ya sala ya alasiri, watoto walikusanyika katika kiwanja cha changarawe mbele ya nyumba tuliyoikodi. Kijana alijaza tangi, akaipasha plagi kwa kifaa chake cha betri, akawasha. Injini ilishika, ikatoa moshi mzito mweupe, ikakohoa. Alipoongeza mwendo gari lilisogea kama mzee aliyeamshwa usingizini, likatema mafuta mabichi kwenye ekzosi, likazima. Akawasha tena, ikazima tena. Mara ya nne binamu zake walianza kucheka.

“Ami,” aliniita, “jana mjini lilikuwa likiruka. Leo lina nini?”

Hapo nikaona saa yangu imefika. Mimi nimekulia Unguja, na ujana wangu niliupitisha kwenye karakana ya pikipiki mtaani kwetu. Nilikumbuka safari moja ya kutoka Tanga kwenda Lushoto, jinsi pikipiki yangu ya kabureta ilivyokuwa ikikosa nguvu kila nilivyopanda, na jinsi fundi wa huko juu alivyonipunguzia mafuta kidogo ikawa nzima. Nikamwambia kijana kwa sauti ya mtu anayejua: “Hewa ya mlimani ni nyepesi. Mafuta yamezidi. Funga sindano.”

Kabureta ya injini hizo ina sindano kuu inayopima mafuta ya mwendo mkubwa. Ukiizungusha kulia unapunguza mafuta. Ukiizungusha kushoto unayaongeza. Alifunga kidogo, injini ikachangamka. Akafunga tena, ikazidi. Tukaendelea hivyo, robo ya mzunguko, kisha robo nyingine, mpaka moshi ukatoweka kabisa na sauti ikawa nyembamba, kali na safi. Gari lilikatiza kiwanja mara moja tu, na waliokuwa wakicheka wakaomba zamu. Kijana akanitazama kama anavyotazamwa mhandisi. Sikatai kwamba niliipenda ile tazama yake.

Ndani, mama yangu alikuwa akigombana na jiko. “Maharage haya yamekaa motoni tangu adhuhuri,” alisema, “na bado yana moyo wa jiwe. Jiko la huku lina uvivu.” Tulicheka, tukala tulichopata. Laiti ningalikuwa na akili ya kuyaunganisha mambo mawili yale, gari la nje na chungu cha ndani, huenda ningalilielewa somo langu kabla ya kulifundisha.

Kwa nini mlima huzima injini

Hewa ina uzito. Jambo hili ni jepesi kusema, lakini lilichukua muda kuthibitishwa. Mwaka 1643 Torricelli wa Italia alionyesha kwamba hewa huweza kuisimamisha zebaki ndani ya mrija. Mwezi wa Septemba 1648, Florin Périer, shemeji wa mwanazuoni Mfaransa Blaise Pascal, alipanda mlima wa Puy de Dôme akiwa na mrija wa namna hiyo, na zebaki ikashuka takriban sentimita 8 kati ya mjini na kileleni. Tangu siku hiyo ikawa wazi: sisi tunaishi chini ya bahari ya hewa, na anayepanda mlima anatoka kilindini kuelekea juu, ambako tabaka lililo juu yake limepungua na halimkandamizi kama mwanzo.

Penye mita 2,000, kandamizo la hewa limepungua kwa takriban sehemu moja katika tano kuliko ufukweni. Watu wengi husema kwamba mlimani “hakuna oksijeni”. Usemi huo si sahihi. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, asilimia 21, ufukweni na kileleni. Kinachobadilika ni kwamba hewa yenyewe imetawanyika, hata pumzi moja, au mvuto mmoja wa pistoni, huleta hewa chache zaidi ndani ya nafasi ile ile. Ndiyo maana wakimbiaji wa Kenya hufanya mazoezi Iten, penye takriban mita 2,400, ili miili yao izoee kufanya kazi kwa hewa haba. Ndiyo maana pia maji ya Saiq huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, na maharage ya mama yangu hayakuwa na kosa wala jiko halikuwa na uvivu. Maji yalikuwa yakitokota kwa nguvu, lakini hayakuwa na joto la Muscat. Mama wa Nairobi na wa Arusha wanaijua hali hiyo, na ndiyo sababu wengi wao huthamini sana sufuria ya presha.

Sasa turudi kwenye injini. Kila injini ya mafuta hutaka uwiano maalumu wa hewa na mafuta. Petroli hutaka takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta. Mafuta ya magari haya madogo si petroli. Ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha. Methanoli hutosheka na takriban gramu 6.4 za hewa, na nitromethani hutosheka na gramu 1.7 tu, kwa kuwa imebeba oksijeni ndani yake yenyewe. Kabureta ni chombo kisicho na akili: hakijui kama kiko ufukweni au mlimani. Hewa inapokuwa nyepesi, hewa inayoingia hupungua kwa uzito, lakini mafuta hayapungui kwa kiasi kile kile. Uwiano unaharibika, mafuta yanazidi, plagi inalowa, injini inakohoa na kuzima. Magari ya siku hizi yana vifaa vya kupima hewa na kompyuta ya kurekebisha mafuta kila nukta, kwa hiyo dereva anapanda mlima bila ya kujua kinachoendelea chini ya boneti. Injini ya kabureta humngoja mwenyewe aifikirie.

Kwa hiyo nilipomwambia kijana “funga sindano” sikumdanganya. Nilisema kweli. Lakini kweli yangu ilikuwa na upande mmoja.

“Sikugusa kitu, ami”

Siku ya tatu tulishuka. Tulifika Muscat jua likielekea kuzama, tukasali magharibi, tukashusha mizigo. Nilikuwa nimeketi kibarazani na kahawa yangu na tende, nikasikia injini ikiwashwa katika uwanja ulio wazi mbele ya nyumba, chini ya taa ya barabarani. Ilishika mara moja. Ilikuwa ikilia kwa sauti nyembamba ya juu kama filimbi, bila ya moshi hata kidogo. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimgeukia kaka yangu nikamwambia: “Isikilize inavyolia!” Nilikuwa nikijisifu.

Haikupita dakika tano. Sauti ilipanda zaidi, ikakatika ghafla kama uzi uliokatwa, na gari likasota mbele kimya kimya.

Kijana alilibeba mpaka kibarazani. Kichwa cha injini kilikuwa na moto wa kuunguza mkono kwa mbali. Tuliacha lipoe, kisha tukazungusha gurudumu la nyuma ya injini kwa kidole. Injini nzima ya namna hii, pistoni inapofika juu kabisa ya silinda, hubana. Unahitaji kulazimisha kidogo ili ipite. Hiyo ndiyo afya yake. Ile ilipita bila ya upinzani wowote, kama mlango usiokuwa na kitasa. Tulipoifungua tuliona mikwaruzo mirefu ndani ya silinda.

Neno langu la kwanza, ndugu msomaji, lilikuwa hili: “Umeifanya nini?”

Hakunijibu kwa ghadhabu. Alisema taratibu, akitazama chini: “Sikugusa kitu, ami. Niliiacha vile vile kama ulivyoiweka.”

Nililala vibaya usiku ule.

Mafuta ndiyo maji ya uhai

Kesho yake tulikwenda pamoja katika duka la vifaa vya magari hayo. Mwenye duka, mtu wa makamo, aliigeuza silinda mkononi mara moja tu akauliza: “Mlikuwa mlimani?” Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alichotueleza ndicho ninachokiandika hapa, maana naamini wapo wazazi na ami na wajomba wengine wanaoweza kufanya kosa langu kwa moyo mwema kabisa.

Pikipiki niliyoizoea mimi ina oili yake peke yake, chini ya injini. Ukiipunguzia petroli kupita kiasi itapata joto, itakosa nguvu, lakini oili yake ipo pale pale ikiendelea kulainisha. Injini ya gari lile dogo haina hazina ya oili. Oili yake imechanganywa ndani ya mafuta yenyewe. Kila tone la mafuta linaloingia hufanya kazi tatu kwa pamoja: linaungua likatoa nguvu, linapoza injini, na linalainisha pistoni na vyuma vyake. Kwa hiyo anayepunguza mafuta hapunguzi nguvu tu. Anapunguza baridi na ulainisho kwa mkono ule ule. Moshi mwembamba wa kibuluu unaotoka nyuma ya gari, ambao mimi niliuona kuwa ni uchafu wa kuondolewa, ni ushahidi kwamba oili inapita. Nilipofurahia kutoweka kwa moshi nilifurahia kutoweka kwa dalili ya uhai.

Hapo ndipo penye hesabu ya mlima. Juu Saiq, hewa haba ilistahimili mafuta haba. Tulipoteremka mita 2,000 hewa ilirudi kuwa nzito, lakini sindano ilibaki mahali ilipokuwa. Hewa nyingi, mafuta machache. Joto la Muscat hulegeza hewa kidogo, kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, na unyevu wa bahari pia huifanya iwe nyepesi zaidi. Lakini upungufu huo ni mdogo, haufikii kufidia mlima mzima. Tena hewa yenye moto haiwezi kupoza injini vizuri. Matokeo yake ni injini inayokimbia mbio kuliko ilivyopata kukimbia, ikipendeza masikioni, huku ndani vyuma vikitanuka na kukwaruzana vikavu.

Kosa la mafuta kuzidi huonekana mara moja: moshi, kikohozi, aibu mbele ya binamu. Kosa la mafuta kupungua huja na uzuri. Gari huwa jepesi na kali, na mwenyewe hujiona fundi, mpaka dakika ya mwisho. Mwenye duka alisema neno ambalo sijalisahau: injini yenye mafuta mengi ni ya polepole lakini iko hai, yenye mafuta machache ina kasi ya kwenda kufa.

Namna ya kupanda na kushuka

Kwa walio na injini za namna hii, au wenye vijana waliozipenda, haya ndiyo tunayoyafanya sasa.

Kabla ya safari, injini ikiwa inafanya kazi vizuri nyumbani, tunahesabu. Tunafunga sindano kuu taratibu mpaka iguse, bila ya kuikaza, huku tukihesabu imezunguka mara ngapi. Kisha tunairudisha pale pale na kuandika hesabu hiyo pamoja na tarehe, joto la siku na mahali. Hesabu hiyo ndiyo nyumbani kwake. Asiyejua nyumbani hawezi kurudi.

Tukifika juu, hatugusi kitu mpaka injini ipate moto wake wa kawaida, maana kila injini baridi hukohoa. Kisha tunafunga kidogo kidogo, si kwa robo ya mzunguko kama nilivyofanya, bali kwa kadiri ya hatua moja ya saa katika uso wa saa ya ukutani, yaani sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Baada ya kila hatua gari hukimbizwa mara kadhaa katika kiwanja kabla ya kuamua hatua nyingine. Tunasimama moshi mwembamba ukiwa bado unaonekana. Injini ikianza kusita au kukatika katika mwendo mkubwa, au ikichelewa kushusha mlio baada ya kuachia mwendo, tumekwisha pita mpaka, na tunarudi nyuma.

Sindano ndogo, inayopima mafuta ya mwendo mdogo, hurekebishwa baada ya ile kubwa, wala si kabla. Kuijaribu, tunaacha injini inguruma polepole kisha tunabana kwa vidole mrija wa mafuta karibu na kabureta. Ikizima papo hapo, mafuta ni machache. Ikiendelea kwa muda mrefu huku mlio ukipanda sana, mafuta yamezidi. Ikiongeza mlio kidogo na kuzima ndani ya nukta mbili hadi nne, hapo pazuri.

Joto la kichwa cha injini tunalipima kwa kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali. Nyingi za injini hizi hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 100 na 120. Asiye na kipimajoto hudondosha tone la maji: likitoweka kwa mchemko wa ghafla, injini ina moto mno, likichemka taratibu kwa nukta chache, salama. Mlimani, hata hivyo, tone hilo husema uongo kidogo, kwa kuwa maji ya huko huchemka mapema, kama mama yangu alivyojua kwa maharage yake kabla yetu.

Wako wanaoongeza kiwango cha nitromethani katika mafuta yao wanapoishi mlimani, ili oksijeni iliyomo ifidie ile iliyokosekana hewani. Wako pia wanaoondoa washa moja nyembamba chini ya kichwa cha injini ili hewa haba ibanwe zaidi. Yote mawili ni sahihi kwa anayekaa huko, si kwa mgeni wa siku mbili. Na yote mawili yana sharti lile lile, kwamba ukishuka uyarudishe.

La mwisho ndilo kubwa. Kazi ya mwisho mlimani, kabla ya kulitia gari sandukuni, ni kuirudisha sindano katika hesabu ya nyumbani. Hapo hapo, juu, si baada ya kufika. Aliyefika amechoka, ana njaa, ana hamu ya kuwasha. Na hamu haina kumbukumbu. Gari likiwashwa nyumbani na moshi mwingi kupita kiasi, hakuna hasara. Likiwashwa bila ya moshi, lizimwe mara moja.

Asubuhi na mchana huwa na tofauti pia, hata mahali pamoja. Hewa ya alfajiri ya baridi ni nzito kuliko ya mchana, kwa hiyo injini iliyopimwa mchana huhitaji kuongezewa mafuta kidogo asubuhi yake. Anayeishi Nairobi, penye takriban mita 1,700, anayashuhudia haya mwezi wa Julai bila ya kupanda mlima wowote.

Tahadhari kwa wenye nyumba

Siwezi kufunga habari hii bila ya kusema na wazazi juu ya chupa ile ya mafuta. Methanoli ni sumu. Haihitaji kunywewa nyingi ili ipofushe au iue, na katika nchi zetu za Afrika Mashariki tumekwisha kuzika watu waliokunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Rangi ya mafuta hayo, ya waridi au kijani au buluu, humvutia mtoto mdogo kama sharubati. Yasitiwe kamwe katika chupa ya maji au ya soda. Yafungiwe mahali pa juu, mbali na jiko, na mfuniko ukazwe, kwa kuwa methanoli hufyonza unyevu wa hewa na mafuta yakiharibika injini haishiki. Moto wa methanoli unaweza kuwaka mchana bila ya kuonekana. Kwa hiyo tangi lisijazwe injini ikiwa na moto, wala karibu na kiberiti au sigara. Injini iwashwe nje, si ndani ya nyumba. Na msafiri asiyatie mafuta hayo katika mizigo ya ndege. Tangi liwe tupu na kavu.

Majirani nao wana haki yao. Injini hizi zina kelele. Hatuziwashi wakati wa sala, wala wakati wa kulala watoto wa watu.

Safari ya pili

Nilinunua pistoni mpya na silinda yake, na fimbo inayoiunganisha na shafti, kwa fedha yangu. Kijana alitaka kuchangia. Nilikataa, kisha nikakubali anunue plagi, maana niliona kwamba kumnyima sehemu yake katika kuitengeneza kungekuwa ni kosa la pili. Injini mpya hulelewa kama mtoto mchanga. Matangi ya kwanza tuliichoma taratibu, kwa mafuta mengi, bila ya kuifukuza, tukiketi wawili chini ya kivuli baada ya alasiri. Hapo ndipo nilipomwambia nililopaswa kumwambia kibarazani usiku ule: kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nilimfundisha nusu, na kwamba swali langu la kwanza halikuwa la haki.

Alinyamaza muda, kisha akaniuliza: “Ami, ulipokuwa ukishuka Lushoto na pikipiki, uliifungua sindano?”

Nilifikiri. Sikuifungua. Niliishuka hivyo hivyo mpaka Tanga, nikaendelea nayo miezi, nikidhani joto lake ni la kuzeeka. Pikipiki ilinistahimilia ujinga wangu kwa kuwa ilikuwa na oili yake. Mtoto wa miaka 14 alikuwa amenionyesha, kwa swali moja la upole, kwamba elimu yangu ilikuwa na tundu tangu ujana, na kwamba kilichoiziba machoni pangu ni bahati tu.

Sisi watu wazima tuna tabia ya kuwarithisha watoto maelekezo yaliyotufaa siku moja, mahali pamoja, tukayaita hekima. Tunasema “funga”, hatusemi ni kwa sababu gani, wala ni mpaka lini, wala ni wapi pa kufungua. Mtoto mtiifu huyashika yale yale na kushuka nayo bondeni, ambako hewa ni nyingine; na mambo yanapoharibika sisi ndio wa kwanza kuuliza, “Umeifanya nini?” Naye huwa hakufanya kitu. Aliacha kama tulivyoweka.

Tulipanda tena Jabal Akhdar mwaka uliofuata. Kijana alikuwa na daftari dogo, kila ukurasa ameupiga mstari wa katikati: upande mmoja ameandika “juu”, wa pili “chini”. Asubuhi ya kurudi, wengine wakifunga mizigo na mama yangu akiifunga sufuria yake mpya ya presha, nilimwona amechuchumaa peke yake kando ya sanduku, bisibisi mkononi, akihesabu kwa sauti ndogo huku akizungusha kushoto. Sikumkumbusha. Nilisimama mbali nikasikiliza hesabu mpaka ilipotimia.

Jioni, Muscat, gari liliwaka na moshi mwingi. Lilikohoa, likajikokota, na mtoto mdogo wa jirani akacheka. Kijana alinitazama, naye akacheka.